Muthoni wa Miaka Minne

Tangu Kamene azaliwe, baba yake, Musau, hakuwa amewahi kumbeba, na boma zima lilikuwa likicheka jambo hilo kana kwamba ni kichekesho cha leo asubuhi.

"Huyu ni muthoni wangu," Musau alikuwa akisema, anarudi nyuma na kuinua mikono kama mtu aliyeonyeshwa moto. "Nani amewahi kuona mwanaume akibeba mama mkwe?"

Watu waliangua kicheko.

Mzaha wenyewe ulikuwa na mizizi. Mtoto alipewa jina la mama mzazi wa Kasiva, mke wa Musau, na kwa Wakamba anayebeba jina la mtu huchukuliwa kama ndiye mtu mwenyewe. Zamani mwanaume akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, aliingia kichakani ampishe, kwa heshima. Basi Musau, kila akifika nyumbani Katelembo kutoka Mlolongo alikofanya kazi ya machimbo ya mawe, alimrusha begani binti yake mkubwa, Kalu, akamwita "mwaitu", mama yangu, kwa sababu huyo alikuwa na jina la mama yake. Kamene alifuata nyuma kwa miguu yake mifupi, ameshika pindo la suruali ya baba.

Mara ya kwanza Kasiva alicheka na wenzake. Mara ya pili pia. Baadaye akawa anatabasamu tu, na mwishowe hata tabasamu likakauka. Hakuna aliyegundua. Kasiva alikuwa mtu wa kunyamaza, na mtu wa kunyamaza akinuna watu hudhani amechoka.

Lakini hadithi hii si ya kubebwa. Ni ya mabuyu.

Mama yake Musau, Kalunde mkubwa, ambaye wajukuu wote walimwita Susu, alikuwa na mikono ambayo watoto wa mtaa mzima waliijua. Mabuyu yake hayakuwa yale ya duka yasiyoacha kitu ila mdomo mwekundu. Yake yalikuwa na iliki, na pilipili kidogo ya kuchokoza ulimi, na sukari iliyoshika kila kokwa kama koti. Kashata zake za njugu zilivunjika kwa mlio. Tena alifuma sweta, alishona mifuko ya shule kwa vitambaa vya leso, na mwaka mmoja aliwahi kutengeneza ng'ombe wa udongo, jike na ndama, wenye pembe za miiba. Kila Krismasi alifunga furushi, akaita wajukuu mmoja mmoja.

Ila hakuita wote. Boma la Susu lilikuwa na sheria yake: mtoto hupewa na mwenye jina lake. Akina Kalunde wadogo, na walikuwa zaidi ya mmoja kwa kuwa kila mwana wa Susu alimpa binti yake wa kwanza jina la mama, walipewa na Susu. Mvulana wa Peris, mke wa mwana mkubwa Ndunda, alikuwa Ndambuki kama marehemu mume wa Susu. Huyo alipewa mara mbili na kuitwa "mume wangu."

"Mume wangu, umekula? Mume wangu, mbona umetoka kamasi na watu wanatuangalia?"

Waliobaki, wenye majina ya upande wa mama zao, walingoja nyanya zao wa upande huo. Haikuwa sheria mbaya wakati kila jina lilikuwa na mwenyewe anayetembea. Mama yake Kasiva alikuwa akija kutoka Masii kila Desemba na kiondo kichwani. Ndani mlikuwa na mandazi ya nazi, chupa ya asali, na kagauni alikokata kutoka gauni lake mwenyewe, ili mtoto avae kile alichovaa yeye. Akishafika, hata Susu alitoka hadi langoni kumpokea.

Kisha wiki ya Pasaka, mwaka wa jana, mama yake Kasiva akafa. Hakuugua siku nyingi. Krismasi iliyofuata Kamene alikuwa bado mdogo wa akili. Aliguguna mfupa, akalala katikati ya ugawaji, na Kasiva akamshukuru Mungu kwa usingizi.

Mwaka huu Kamene alikuwa na miaka minne na hakuwa mtu wa kulala.

Wiki nzima kabla ya sikukuu, Kasiva alikuwa jikoni mwa Susu. Yeye ndiye mke wa mwana mdogo, na kazi huteremka kama maji: hupita kwa wakubwa na kutuama kwa mdogo. Susu aliketi kwenye kigoda akatoa amri. Kasiva akachemsha sukari, akatia rangi, akamwaga kokwa za mbuyu ndani ya shira, akakoroga haraka haraka kabla haijaganda, mpaka mkono ukafa ganzi kuanzia begani. Alikaanga njugu, akazipeta, akaziponda. Uzi wa sweta aliusokota yeye. Peris alikuja, akaonja, akasema "Tamu, Mama Kalu, ongeza iliki," akaenda zake kusuka nywele.

Kamene alisimama mlangoni, ameegemea mwimo, jicho limeganda kwenye sufuria.

"Mama, hiyo ni ya nani?"

"Ya watoto."

"Mimi ni mtoto?"

"Wewe ni mtoto."

"Basi hiyo ni yangu."

Kabla Kasiva hajafungua mdomo, Susu alijibu kutoka kwenye kigoda, bila ubaya wowote wa sauti, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Yako iko Masii, muthoni. Hii ni ya watu wa hapa."

Kamene akageuka akatazama nje kwenye barabara, kwa kuwa aliambiwa Masii iko upande ule. Alitazama muda mrefu. Kasiva aliendelea kukoroga. Shira ilimrukia kifundo cha mkono ikamuunguza, na aliacha iungue.

Walipokuwa wanafunga mafurushi, alijaribu. Alichukua kitambaa kimoja cha leso kilichosalia, akakinyoosha juu ya goti.

"Mwaitu, hapa kimebaki kimoja."

"Weka. Ni cha mwaka ujao."

"Na mabuyu pia yamebaki sufuriani."

"Hayo ni ya wageni." Susu akamtazama. Hakuwa mjinga. "Mama Kalu, mimi sichukii mtoto. Lakini nikimpa kwa mkono wangu, nitakuwa nimejifanya mama yako. Majina si nguo ya kuazimana."

Kasiva akakunja kitambaa. Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakusema zile mbivu zinaliwa na nani wakati yeye anavumilia.

Akatafuta njia ya pembeni. Alikuwa na leso ya marehemu mama yake. Akaikata, kitu alichokuwa ameapa hatafanya, akashona mwanasesere, akamjaza sufi, akamtia macho ya vifungo. Akampelekea Kamene nyuma ya nyumba.

"Angalia nyanya yako wa Masii amekutumia nini."

Kamene alimpokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Akamgeuza. Akanusa.

"Hii ni wewe umeshona."

"Nani amesema?"

"Nilikuona. Na nyanya amekufa. Wewe ndiye uliniambia." Akafikiri. "Ni mzuri. Lakini huyu ni wako. Susu atanipa yangu?"

Hapo Kasiva alielewa kwamba hakuna kitu anachoweza kushona kitakachoziba tundu lile. Mtoto alikuwa na vitu. Alichotaka ni kuitwa na wengine wakiitwa.

Musau alifika siku ya kuamkia Krismasi, jioni, vumbi la mawe bado kwenye nyusi. Kalu alipanda begani. Kamene akashika pindo. Kasiva alingoja mpaka amekula, akaketi mbele yake.

"Baba Kalu, ongea na mama yako kesho amwite Kamene."

"Amwite wapi?"

"Unajua wapi."

Musau akavuta pumzi ya mtu aliyetegemea kupumzika. "Unataka nipigane na mwaitu juu ya mabuyu?"

"Si mabuyu."

"Ni nini basi? Kesho nitampitisha dukani nimnunulie peremende, hata biskuti."

"Ako na peremende. Duka halijamnyima kitu. Ni hapa nyumbani amenyimwa."

"Kasiva, hizo ni sheria za wazee, tulizikuta. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilingojea wangu."

"Na wako alikuwa hai."

Musau akacheka kidogo, akajaribu mlango aliouzoea. "Sasa unataka nikamtetee muthoni wangu? Si nitapigwa faini ya mbuzi!"

Kasiva alimtazama mpaka kicheko kikaisha chenyewe, bila msaada. Kisha akachukua sahani akaenda kuosha. Alisugua ile sahani mpaka ua lililochorwa katikati likaanza kubanduka.

Krismasi ikafika. Walitoka kanisani, wakala wali na nyama ya mbuzi, wakanywa soda. Jua lilikuwa kali na kunde za shambani zilinukia vizuri baada ya mvua. Mama yake Peris, mzee Kanini, alikuwa amekuja kutoka upande wa Mwala na mfuko mkubwa wa mjukuu aliyemrithisha jina, naye aliketishwa kwenye kiti chenye mto kama anavyostahili muthoni, mkwe wa boma. Susu mwenyewe alimnawisha mikono. Watu wazima walijipanga barazani, watoto wakasimama uani, wanasukumana.

Susu akatoka na karai la mafurushi. Alivaa gauni lake la zambarau la akina mama wa kanisa.

"Kalunde wa Ndunda!"

Binti mkubwa wa Peris akaja, akapokea, akacheza kidogo. Vigelegele.

"Kalunde wa Musau!"

Kalu akaenda. Sweta la njano, mfuko wa kashata, furushi la mabuyu. "Asante, mwaitu," Musau akapaza sauti, na haikujulikana anamshukuru mama yupi, mkubwa au mdogo. Watu wakacheka.

"Mume wangu ako wapi? Njoo, mume wangu, usijifiche, hata marehemu alikuwa hivyo hivyo, mpaka aitwe kula!"

Ndambuki mdogo akapokea mara mbili. Kisha mzee Kanini akaita wajina wake, naye akapewa viatu na keki ya ndizi iliyofungwa kwa gazeti.

Karai likawa tupu. Na hapo Kamene, ambaye hakuitwa na mtu, akatoka kwenye kundi. Alitembea polepole akiwa amevaa gauni lililombana kwapani, lile la mwisho alilokatiwa na nyanya yake. Akasimama mbele ya Susu. Akapiga magoti kidogo. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

Pengine alifikiri wamesahau.

"Ai," Susu akasema. "Muthoni, wewe ni wa kwenu. Ngoja wako."

Mikono ya mtoto haikushuka.

"Si uende Masii uchukue!" Peris akasema, akacheka, na wengine wawili watatu wakacheka naye, si kwa ubaya, bali kwa ile tabia ya watu walioshiba. "Muthoni anaomba kwa nguvu siku hizi!"

Musau naye akacheka. Hicho ndicho kicheko Kasiva alichokisikia. Vingine vyote vilipita kama upepo, hicho kikaingia kikakaa.

Akasimama. Sinia alilokuwa ameshika aliliweka chini, taratibu, halikulia.

"Mnacheka nini?"

Sauti yake haikuwa kubwa. Lakini kwa miaka yote ya ndoa hakuna aliyekuwa amemsikia akiuliza swali mbele ya watu.

"Mama Kalu, ni utani tu," Peris akasema.

"Najua ni utani. Ninaujua kuliko wewe, nimeula miaka minne." Akashuka ngazi ya baraza. "Mwaitu, naomba nikuulize. Huyu ni nani?"

Susu akakunja uso. "Si ni Kamene."

"Kamene gani? Mtoto, ama mama yangu?"

"Ni wajina wa mama yako. Kila mtu anajua."

"Basi ni muthoni wako."

"Ndiyo. Ni muthoni wangu."

"Muthoni wako amesimama mbele yako na mikono wazi. Ameingia boma lako siku ya Krismasi. Umemnawisha? Umemwekea kiti? Huyu mama wa Peris umempa mto wa kukalia, na huyu umemwambia mbele ya watu aende kwao akatafute chakula. Nyinyi watu mna heshima gani? Ikiwa ni saa ya kucheka, Kamene ni muthoni, habebwi, hashikwi. Ikiwa ni saa ya kupeana, ni mtoto wa wenyewe. Chagueni moja!"

Mzee Kanini akajiinua kidogo kwenye mto wake, kama mto umepata moto. Alikuwa muthoni pia, na maneno yale yalipita karibu naye.

"Kasiva, kaa chini," Musau akasema.

"Sikai. Na wewe usiniambie kitu. Mwanaume mzima, mawe unayabeba Mlolongo kutwa, mtoto wa kilo kumi na kitu amekushinda."

Mtu mmoja akaguna.

Susu alikuwa amesimama na karai tupu mkononi. Alikuwa mtu wa adabu, adabu ndiyo ilikuwa fahari yake, na sasa ilikuwa imegeuzwa ikamshika koo. Alivuta pumzi puani.

"Leteni kiti," akasema.

"Mwaitu..." Peris akaanza.

"Nimesema leteni kiti! Kile kikubwa. Na maji, na ile nyama ya mbavu. Nimeambiwa sijampokea muthoni, nitampokea."

Kiti kikaletwa. Kamene akanyanyuliwa akakalishwa, miguu ikining'inia mbali na ardhi. Susu akamwinamia na birika na beseni, akamnawisha vidole vile vidogo kimoja kimoja. Akamwekea sahani ya mbavu ambayo mtoto hangeimaliza hata kwa wiki. "Karibu, muthoni. Habari za Masii? Mvua imenyesha?"

Na hapo kicheko kikarudi. Kwanza kwa puani, kisha wazi. "Muthoni, jibu! Mvua!" "Muthoni, shikilia sahani, usituaibishe!" Peris alikuwa ametoa simu anapiga picha. Kamene alitazama huku na huku, akajaribu kucheka nao, akaona wanamcheka yeye, akaanza kulia. Bado alikuwa ametoa mkono mmoja pembeni ya sahani, kiganja juu. Nyama hakuitaka. Alikuwa anangoja furushi.

Kasiva aliona ule mkono. Alikuwa ameshinda maneno, na ushindi wake ulikuwa umegeuka kiti cha kuchekewa.

Akaenda akamtoa mtoto kitini. Sahani ilimwagika, mbwa akaja.

"Ondoeni kiti," akasema. "Nimekosea kuomba. Mama yangu amekufa. Tulimzika Masii, nyinyi wote mlikuwa, mlikula hata chakula cha matanga. Hakuja hapa leo, na hatakuja mwaka ujao. Huyu si yeye. Huyu ni mtoto. Hajui mvua ya Masii, hajui muthoni ni nini. Anajua watoto wameitwa na yeye hakuitwa. Kuanzia leo asiitwe muthoni na mtu."

"Unamvua mtoto jina la mama yako?" Susu alishtuka kweli, mkono ukaenda kifuani. "Siku ya Krismasi?"

Swali hilo lilimchoma Kasiva kuliko kicheko chote. Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka minne, kila alipomwita mtoto, alikuwa anamwita na mama yake pamoja, na baada ya kifo pale palikuwa mahali pekee ambapo jina lile liliitikiwa.

"Jina abaki nalo," akasema. "Lakini marehemu nimemshusha mgongoni mwake. Ni mzito sana kwa mtoto."

"Basi mpe wewe, kama mama yako hayuko! Nani alikukataza? Mimi marehemu mume wangu si ninampea wajina wake?"

"Nimpe na mikono gani, mwaitu?" Sasa sauti ilipanda, ikavunjika, ikapanda tena. Akanyoosha viganja, vyekundu bado kwa rangi ya mabuyu, haitoki kwa sabuni. "Wiki nzima mikono ilikuwa jikoni kwako! Kila mtoto hapa ameshika kitu nilichokoroga mimi, na wangu anashika hewa! Na hata ningempa, amenikataa. Ameniambia, wewe ni mama. Anataka nyanya. Ako na nyanya mmoja amebaki, na huyo anamwambia aende kwao. Kwao ni wapi, kama si hapa?"

Hakungoja jibu. Alimpandisha Kamene mgongoni, akamfunga na leso, akamshika Kalu mkono. Kalu akaanza kulia, hataki kuacha furushi. "Beba, ni lako," Kasiva akamwambia. Akaanza kutembea kuelekea lango.

"Unaenda wapi?" Musau alimkimbilia. "Leo hakuna magari!"

"Miguu iko."

"Masii na watoto wawili, kwa hili jua? Watu watasema nini?"

"Waambie muthoni amefukuzwa. Utawachekesha."

Musau akabaki njiani, mikono yake mikubwa imening'inia, hajui aiweke wapi. Hakuna mke aliyewahi kutoka boma lile siku ya Krismasi. Majirani wawili walikuwa tayari wamesimama kwenye ua, wanajifanya wanatafuta kuku.

Lango lilikuwa la mabati. Kasiva alikuwa ameshika komeo wakati aliposikia viatu vya Susu nyuma yake, vile vya kanisani, vinakwaruza changarawe.

"Kamene," Susu akaita.

Hakusema muthoni. Kasiva alisimama lakini hakugeuka. Ni mtoto aliyegeuza kichwa.

"Kamene, rudi."

Kamene alimtazama kutoka juu ya bega la mama yake, machozi yamekauka shavuni. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Uko na yangu?" akauliza.

Susu akafungua mdomo. Angeweza kudanganya, watu wazima hudanganya watoto kila siku langoni. Alitazama karai ambalo bado lilikuwa mkononi mwake, kana kwamba lingejaa lenyewe.

"Sina," akasema.

Kasiva akafungua komeo.

"Sina sasa!" Susu akasema haraka. Kile kiburi kilikuwa bado kwenye shingo, lakini sauti ilikuwa imekiacha nyuma. "Sina, lakini nitapika. Njugu ziko. Sukari iko. Nitakupikia."

"Saa ngapi?"

"Sasa."

"Wewe?" Kamene akauliza. "Si mama?"

Mwanamke mzee akamtazama mke wa mwanawe, yaani ule mgongo wa Kasiva, kwa sababu uso hakupewa. "Mimi," akasema. "Mimi mwenyewe."

Kamene akampiga mama yake begani mara mbili, kama mtu anayesimamisha punda. "Mama, tungoje."

Kwa Kasiva hasira ilikuwa bado imejaa mpaka kwenye meno. Angeweza kutembea hadi Masii na kurudi bila kuihisi njia. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu kwamba huyu ni mtoto na ana mahali hapa, na mtoto alikuwa amechagua. Akarudi. Hakumtazama Musau alipompita.

Jikoni, Susu alipiga magoti na gauni lake la zambarau, akapuliza makaa. Moshi ulimwingia machoni. Alikohoa. Peris aliingia mbio kumsaidia na kufukuzwa. Wageni walibaki barazani wakizungumza chini kwa chini, na hakuna aliyecheka. Mzee Kanini aliuondoa mto wake akauweka kando.

Kasiva aliketi. Hakuwa amewahi kuketi katika jiko lile huku mama mkwe wake amesimama. Alichukua kigoda, akakiweka mlangoni ambapo hewa inapita, akakaa, mikono imefungwa kifuani. Kamene alisimama katikati, kati ya mama na moto, macho kwenye sufuria.

Sukari ilianza kuyeyuka, ikageuka rangi ya chai. Susu akamwaga njugu. Ilimbidi kukoroga kwa nguvu, na mkono wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kuamuru wakorogaji. Jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa.

"Mama Kalu," akasema bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka yote. "Nipe mafuta nipake sinia."

Kasiva hakusimama.

"Chupa iko nyuma yako, mwaitu," akasema. "Kwenye dirisha."

Susu akasimama kidogo, mwiko hewani. Kisha akageuka akaichukua.

"Imeiva?" Kamene akauliza.

"Bado."

"Nitaitwa?"

Susu akamwaga kashata kwenye sinia, akazitandaza kwa mgongo wa kijiko. Hakuwa mtu wa kuomba msamaha, na hakuomba. Alikata vipande vingali moto, vidole vikiungua, akavipuliza kimoja kimoja. Kisha akatoka hadi uani, akasimama pale pale aliposimama mwanzo, watu wote wakamwona na masizi kwenye gauni.

"Kamene wa Musau!" akaita.

Mtoto alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Hata hivyo alirudi nyuma mbio mpaka ukutani, ili naye aje kutoka mbali kama wenzake.

Kasiva alitazama yote hayo kutoka mlangoni. Hasira haikuwa imepoa, na hakuwa na haraka ya kuipoza. Jioni kungekuwa na vyombo vingi vya kuosha. Alivikagua kwa macho, lundo zima, akamwita Musau.

"Maji yako kwenye pipa," akamwambia. "Anza na sufuria."